Lenzi ya 50mm kwa Canon: ipi ununue kwanza

Bei ya lenzi haiko kwenye kioo peke yake. Kila kipande husagwa, hung'arishwa kwa unga wa seriamu oksaidi, kisha ukingo wake hukatwa hadi mhimili wa mwanga upite katikati kabisa. Baadaye hupakwa utando mwembamba wa kupunguza mng'ao wa mwanga, ndani ya tangi lililoondolewa hewa. Kipande kikifungwa kimeenda upande kidogo tu, kona moja ya picha hufifia huku nyingine zikiwa kali, na huwezi kuirekebisha kwenye kompyuta.

Katika majina yafuatayo, EF ni aina ya kifungio cha kamera za Canon za DSLR, STM na USM ni aina za mota ya kulenga, na namba ya f hupima tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ya kwanza ni Canon EF 50mm f/1.8 STM (2015). Ina vipande 6 katika makundi 5, bleidi 7 (majani membamba yanayofungua na kufunga tundu hilo), sehemu ya kufungia ni ya chuma, uzito gramu 160, na inalenga kuanzia sentimita 35. Anayeanza asihangaike kutafuta nyingine. Ila kwenye kamera zenye kihisi (sehemu inayopokea picha) kidogo, kama Canon 60D au 700D, inaona eneo finyu zaidi, kama lenzi ya 80mm: nzuri kwa sura za watu, taabu sebuleni.

Ya pili, kwa masharti, ni EF 50mm f/1.4 USM (1993). Ina mwanga zaidi na bleidi 8, lakini pipa la ndani hutokeza mbele inapolenga karibu. Likigongwa likiwa nje, mtambo wa fokasi, yaani wa kulenga, hupinda. Ukiikuta imetumika, zungusha ringi ya fokasi kutoka mwisho hadi mwisho. Ikikaza mahali pamoja, irudishe kabatini kwa muuzaji. Ukiinunua, rudisha fokasi kwenye alama ya mbali (∞) kabla ya kuitia begini.

Ya tatu ni EF 50mm f/1.8 II (1990). Mpangilio wa kioo ni uleule wa 6 kwa 5, lakini sehemu ya kufungia ni plastiki, mota inapiga kelele, na bleidi 5 hugeuza taa za nyuma kuwa pembetano. Inafaa ikiwa bei yake ni ndogo kweli.

Yongnuo 50mm f/1.8, ya kampuni ya China, inakuja mwisho. Inapiga picha, ila fokasi yake haiaminiki kama ya Canon. Usiichukue bila kuijaribu kwenye kamera yako mwenyewe.

Popote unaponunua, weka kamera sambamba na ukuta wa matofali, f/1.8, upige. Kona zote nne zikififia sawasawa, hiyo ni kawaida. Moja ikififia peke yake, rudia kwa f/8. Bado ikiwa hivyo, achana nayo. Halafu mulika tochi ya simu kutokea nyuma ya lenzi, uangalie ndani. Vumbi kidogo halina neno, lakini nyuzi kama za buibui ni kuvu, na kuvu likishakula utando, kusafisha hakurudishi ulioliwa. Mombasa na Dar es Salaam, lenzi isiyotumika ikae kwenye kopo linalofungwa vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli, si kwenye begi la ngozi.