Kinect ya mtumba kwa mazoezi ya wazee: inafaa Mtwara, ila funga dirisha

Kinect ni kamera ya Microsoft inayofuata mwendo wa mwili. Ya kwanza, ile iliyotoka 2010 kwa ajili ya Xbox 360, mashine ya michezo ya video, bado inapatikana mtumba. Kwa kituo cha utengamao cha Mtwara au Lindi kinachotafiti mazoezi ya wazee na waliopata kiharusi, inalipa. Mgonjwa anajiona kwenye skrini akichuma maembe ya mchezo, na kompyuta inarekodi nukta 20 za viungo vyake, mara 30 kila sekunde, bila kumbandika chochote mwilini.

Dai adapta yenye waya wa umeme na USB, maana plagi ya kamera yenyewe haiingii kwenye kompyuta. Chomeka moja kwa moja, usipitishe kwenye hab, kile kigawanyo cha USB. SDK 1.8 ya Microsoft, programu inayoiwezesha kompyuta kuisoma kamera, ni ya bure.

Adui mkubwa ni jua. Kamera hupima umbali kwa kumwaga vidoa vya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Jua la Shangani, Mtwara, likipenya dirishani vinamezwa, mgonjwa anabaki na mguu mmoja kwenye skrini. Weka pazia zito, naye asimame mita 2 hadi 2.5 kutoka kwenye kamera.

Halafu mavazi. Dera na kanga huficha magoti, na buibui jeusi hunyonya mwanga wenyewe. Bibi aambiwe mapema avae suruali ndani, dera likunjwe na kufungwa kiunoni. Kila nukta huja na alama: imeonekana au imekisiwa. Usipochuja zilizokisiwa, utapata goti linalopinda kinyumenyume na kuliandika kama tokeo.

Kuigiza kuokota korosho kunavutia huku Kusini, lakini hapo ndipo mashine inaposhindwa: mtu akiinama kuelekea kamera, kiwiliwili huziba nyonga na magoti. Bora maembe ya juu, bega nalo linapata kazi.

Msaidizi asimame ubavuni, nyuma kidogo, mkono tayari kudaka. Akimshika mgonjwa kwa karibu, mashine huchanganya miili miwili, na mkongojo nao unaweza kuhesabiwa mguu. Kwa mwenye kiti mwendo, washa hali ya kukaa, inayofuata nukta 10 za juu tu.

Vidole na kifundo cha mguu usivipime kwa hii. Microsoft iliacha kutengeneza Kinect za Xbox 2017, kwa hiyo nunua na adapta ya akiba.