Kikokotoo cha sentimogani cha DNA Painter: kizuri, ila si kwa kila ukoo

Kikokotoo hiki, kilichopo kwenye tovuti ya DNA Painter, ni cha bure na hakidai kujisajili. Kimejengwa juu ya takwimu za Blaine Bettinger, mtafiti wa nasaba kwa njia ya DNA, na toleo la 2020 lina takriban jozi 60,000 za ndugu walizozileta watu wenyewe. Unaingiza sentimogani (cM), kipimo cha kiasi cha DNA ambayo watu wawili wanachangia, ambazo aliyepimwa amefanana na mtu fulani kwenye majibu ya DNA, nacho kinakupa undugu unaowezekana kwa asilimia.

Tuseme baba wa babu yako hajulikani. Kama babu yu hai, mpime yeye, si wewe: amebeba nusu ya vinasaba vya baba huyo, wakati kwako imefika wastani wa asilimia 12.5. Mpime na ndugu wa upande wa mama yake babu, kisha weka kando wote wanaofanana na wawili hao. Usiporuka hatua hii utaokoa miezi, maana kikokotoo hakijui upande wa baba wala wa mama.

Ukiingiza 440, majibu yanakuja rundo. Huenda ni mtu aliyechangia na babu yako babu mmoja kwa bibi tofauti (wastani 449), au ni mtoto wa binamu yake (433). Namba peke yake haiamui, angalia umri: aliye rika la babu anaangukia zaidi kundi la kwanza.

Kasoro kubwa ni ndoa za binamu. Kwenye koo za pwani, za Oman au za Khoja walikooana vizazi kwa vizazi, cM huvimba na ndugu wa mbali akasomeka kama wa karibu. Kwa koo hizo tunakipa nyota mbili, kwingine nne.

Ukishapata familia inayoelekea kuwa yenyewe, hamia WATO (What Are the Odds?), kifaa cha kupima dhana ipi ina uwezekano zaidi, ambacho ni kifaa kingine kwenye tovuti hiyohiyo. Chora mti wa familia, weka cM za kila aliyepimwa, halafu mpachike babu sehemu mbalimbali uone alama za kila dhana. Walio chini ya 40 cM waache.

WATO inakwama pale wanaodhaniwa kuwa baba wa babu ni ndugu wa baba na mama mmoja. Cha kufanya ni kumpima mtoto wa mmoja wao: akitoka karibu na 1,759, yeye na babu ni baba mmoja, akitoka karibu na 866, baba wa babu ni mmoja wa ndugu wengine.