Betri ya maji au ya lithiamu: ipi kwa sola ya nyumbani?

Hapa Arua, Uganda, swali hili haliishi kwa mafundi wa sola. Kwa bei ya kununua, betri ya maji inashinda waziwazi. Lakini ukiitumia kupita nusu ya chaji kila usiku, inazeeka upesi. Yangu haikufika miaka 2, na maji nilikuwa nikiiongezea mwenyewe! Lithiamu haitaki maji, hutoa asilimia 80 ya chaji bila kinyongo, hudumu miaka mingi. Ikiharibika, fundi wa mtaani hukuna kichwa tu.

Risasi, metali iliyo ndani ya betri ya maji, huyeyushwa betri ikichakaa ikatumika tena, ingawa ni sumu. Lithiamu huchimbwa mbali, na baadhi ya aina za betri zake zahitaji madini ya kobalti ya jirani zetu Kongo. Hilo linanikera.

Mwenye taa tatu na redio, betri ya maji yamtosha. Mwenye friji dukani ajikaze, anunue lithiamu.