Eti majani ni majani: wiki yangu na kifurushi cha mapishi

Nyota mbili. Zingekuwa nne kama si kijana anayepokea simu zao, na hata hizo mbili sijui kama zitafika mwisho wa maelezo haya.

Kwa asiyewajua: unalipa kwa simu, wanakupangia mapishi ya wiki nzima, boda anakuletea kila kitu kimeshapimwa, pamoja na karatasi ya maelekezo. Bei mtaitafuta wenyewe. Kilichonivuta mimi ni kwamba vyakula vyao vinatoka pande zote za Uganda. Nimekulia Bombo, mume wangu ni Mwacholi wa Gulu, majirani zetu hapa Kireka, kando ya Kampala, wengi ni Baganda, na bado jikoni kwangu ilikuwa wali na maharage, matoke na karanga, kisha wali tena.

Wiki ilianza vizuri mno. Firinda ya Watooro: unaloweka maharage usiku kucha, asubuhi unayamenya ganda moja baada ya jingine. Nilinung'unika sana nikimenya, kwa sababu hiyo ni kazi ya mtu asiye na watoto wa kuvalisha sare za shule. Lakini yalipoiva nikayaponda na kutia samli, meza nzima ilinyamaza. Wanangu hawanyamazi ovyo. Mukene iliyofuata, yaani dagaa, ilikuwa ya kawaida tu, chumvi kidogo ingepungua, tuiache.

Sasa malakwang.

Niwaeleze wasioijua. Ni majani ya Waacholi na Walango, jamaa ya ile choya ya sharubati huko Tanzania, na ukali wake wa ukwaju ndio chakula chenyewe. Unayachemsha, unamwaga maji ya kwanza ili ukali upungue kidogo, kisha unakoroga odi, yaani karanga na simsim zilizosagwa pamoja mpaka zikawa laini. Unakula na viazi vitamu. Niliichagua makusudi kwa sababu mama mkwe alikuwa anashuka kutoka Gulu, na nilitaka akute mkamwana wa Bombo kapika chakula cha kwao.

Boda kaja, nafungua mfuko: odi ipo, viazi vipo, na fungu la dodo. Dodo! Mchicha huu huu unaoota nyuma ya choo changu bila kupandwa na mtu. Pembeni wameweka ndimu mbili.

Nikapiga simu kwa upole kabisa, nikidhani mifuko imebadilishana. Kijana akaniambia malakwang haikupatikana sokoni siku hiyo. Haikupatikana! Ninapoishi, ukitoka mlangoni ukapanda kidogo kwa miguu unafika Acholi Quarters, mtaa wa Waacholi, na akina mama wanaipanga chini kwa mafungu. Nikamweleza hayo. Akavuta pumzi, ile ya mtu anayesumbuliwa, akasema: "Nyabo, majani ni majani. Kamulia ndimu, itakuwa kali hivyo hivyo." Nikamuuliza kama kwao akiagiza kuku huletewa bata. Akakata simu. Nilipopiga tena, ikaita tu.

Muda ulikuwa umekwisha, mgeni yuko njiani, nikafanya alivyosema. Ndimu ilipokutana na odi rojo likakatika: mafuta yakapanda juu, maji yakabaki chini, na dodo ikaogelea katikati kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Mama mkwe ni mtu wa adabu. Alikula, akamaliza, akaosha mikono, akasema, "Dodo yako nzuri, mwanangu. Na malakwang, ni ya kesho?" Mume wangu alitoka nje kwenda kucheka. Nilimsikia.

Kwa hiyo nyota mbili nazifuta. Moja. Na hiyo moja ni ya firinda.

Mtu atasema ni mboga tu, mbona hasira zote hizi. Kukosa kitu sokoni hutokea, hilo nalielewa, hata mimi narudi na kikapu nusu. Wangenipigia asubuhi, "Mama, leo hakuna," ningekwenda mwenyewe kwa miguu nikainunua. Ila kuniamulia kimya kimya, halafu kunijibu kama vile watu wa kaskazini hawajui wanachokula! Dodo haina ukali hata chembe. Aliyeandika ile karatasi analijua hilo vizuri sana, maana ameeleza mpaka wakati wa kumwaga maji. Ni kama mwandishi na mpokea simu hawajawahi kukaa chumba kimoja.

Na hapo ndipo mwandishi huyo ananivuruga, kwa sababu mwisho wa wiki ilikuja luwombo, kile kitoweo cha Baganda kinachofungwa kwenye majani ya mgomba. Kuku alikuwa ameshabanikwa kidogo ili apate moshi, majani ya mgomba mabichi bila tundu hata moja, na maelekezo ya kuyapitisha juu ya moto wa sigiri mpaka yalegee, uti wa kati ukiwa umepunguzwa ili yasipasuke ukifunga. Nimezaliwa Uganda, na kila luwombo niliyojaribu kabla ya hapo ilivujia sufuriani. Hii haikuvuja. Nikaiweka juu ya matoke, mvuke ukafanya kazi yake, na nilipofungua ile harufu mama mkwe akavuta kiti mwenyewe bila kuitwa. Mdogo wangu wa mwisho alilamba jani.

Haya, tatu. Karatasi ya mapishi naipa tano, na ile ya malakwang nimeibandika ukutani. Nimeshaipika upya kwa majani ya Acholi Quarters na mama mkwe aliongeza mara mbili. Kijana wa simu simpi kitu. Wiki ijayo nimeagiza tena, msinicheke, kuna eshabwe, mchuzi wa samli wa Wanyankole. Wakiniletea siagi ya kopo badala ya samli nitapanda boda mpaka ofisini kwao. Na pesa ya malakwang bado nawadai.