Maktaba za uhakiki za C#: ulipie ipi, uchukue ipi bure, na ile `?.` inayopitisha testi mbovu

Tangu Januari 2025 wasomaji wanalalamikia kitu kimoja: FluentAssertions, maktaba ya C# ya kuhakiki matokeo ndani ya testi, imeanza kuuzwa, sasa tulipe au tuhame? Toleo la 8 lilitoka chini ya leseni ya kampuni ya Xceed, na kwa kazi za biashara bei iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola 129.95 kwa kila programa kwa mwaka. Timu ya watu watano ni dola 649.75, na mwakani tena hivyo hivyo, kwa kifaa ambacho kazi yake ni kusema "nilitegemea 18, nimepata 17". Miradi ya chanzo huria na isiyo ya biashara bado inaitumia bure.

Jibu lipo hapa chini, ila maktaba hizi sikuzipanga kwa kasi wala kwa utamu wa kusomeka. Zote zinajua kulinganisha namba na maneno. Nimezipanga kwa jambo ambalo karibu kila ulinganisho unalipita: je, maktaba inaweza kukuonyesha kijani, yaani testi imepita, wakati haijahakiki chochote?

Tazama mstari huu:

`mteja?.Jina.Should().Be("Asha");`

Alama ya `?.` maana yake "endelea kama si null", yaani kama thamani ipo. `mteja` akiwa null, `?.` haiishii kwenye `Jina`. Inaruka kila kitu kilichobaki kwenye mnyororo, `Should()` na `Be()` zikiwemo. Hakuna kilichoitwa, hakuna hitilafu iliyorushwa, testi imepita. Yaani mteja hakupatikana kabisa kwenye hifadhidata, jambo lenyewe ulilotaka testi ikukamatie, na kompaila haisemi neno. Shouldly, maktaba nyingine ya aina hii, ina tundu hilohilo: `mteja?.Jina.ShouldBe("Asha")`. Ubaya uko kwenye muundo. Uhakiki ukining'inizwa mkiani mwa thamani, thamani ikikatika unaondoka nayo.

Dawa ni mabano: `(mteja?.Jina).Should().Be("Asha")`. Hapo mnyororo unaishia ndani ya mabano, null inafika kwa `Be`, testi inaanguka inavyostahili. Kwa mradi wa zamani, tafuta kwenye faili zote za `.cs` kwa rejeksi hii (regex, kanuni ya kutafutia maandishi): `\?\.[^)]*\.Should`. Inakamata FluentAssertions, AwesomeAssertions (naieleza chini) na Shouldly kwa pamoja, na inaiacha mistari iliyokwisha kutiwa mabano. Isichokamata ni pamoja na mistari yenye mwito wa metodi katikati, kama `mteja?.PataJina().Should()`, na ile ambayo `Should` inafuata `?.` papo hapo, kama `mteja?.Should()`, hiyo itafute peke yake.

Kwa kigezo hicho, namba moja ni NUnit 4, mfumo wa kuendesha testi wenye uhakiki wake ndani, na sifichi kwamba naipendelea. Andika `Assert.That(mteja?.Jina, Is.EqualTo("Asha"))`. Thamani inaingia kama hoja, kwa hiyo `?.` haina njia ya kuuruka uhakiki. Unapata `Expected: "Asha"` na chini yake `But was: null`. Maneno marefu yakitofautiana, inakutajia tofauti imeanzia nafasi ya ngapi na kuweka alama chini yake.

Inashinda pia kwenye testi za async, yaani za kazi inayoendelea pembeni na kumalizika baadaye. `Assert.ThrowsAsync` ya NUnit inasubiri yenyewe mpaka kazi iishe, haihitaji `await`. Kwenye FluentAssertions, ukiandika `kitendo.Should().ThrowAsync<ArgumentException>();` ndani ya testi ya `void` na kusahau `await`, Task (kazi ambayo haijasubiriwa) inarudishwa, hakuna anayeitazama, kijani tena. Onyo la kompaila la CS4014 ulilozoea, la kusahau `await`, halitakuokoa hapo, maana metodi yako si `async`.

NUnit nayo ina lake. Inachukulia 5 na 5.0 kuwa sawa ingawa aina ni tofauti. Kwenye hesabu za fedha andika `Is.TypeOf<decimal>().And.EqualTo(1000)`. Na kwa `double` usisahau `.Within(0.01)`.

Namba mbili, AwesomeAssertions. Ni tawi (fork) la FluentAssertions lililobaki kwenye leseni huria ya Apache 2.0. Anayetaka kuhama bila kuandika testi upya achukue hii: `dotnet remove package FluentAssertions`, kisha `dotnet add package AwesomeAssertions`. Kuanzia toleo la 9, `using FluentAssertions;` inakuwa `using AwesomeAssertions;`, kazi ya tafuta-na-badilisha. Matundu yamekuja nayo yote, likiwemo la `new AssertionScope()` isiyotanguliwa na `using`: makosa yanakusanywa humo na hayatoki kamwe. Kumbuka pia `BeEquivalentTo` haijali mpangilio wa orodha mpaka uiambie `WithStrictOrdering()`.

Tatu, Shouldly. Inasomeka vizuri, na ujumbe wake unataja jina la kigeugeu chako kwa kusoma msimbo wenyewe. Kama seva inayoendesha testi haina faili za chanzo na za pdb (taarifa za kutafutia hitilafu), jina hilo linapotea.

`Assert` ya xUnit, mfumo mwingine wa testi, ni ya bure, imekuja na kifurushi, na `?.` haiisumbui. Anza na thamani unayoitegemea: `Assert.Equal("Asha", mteja?.Jina)`. Inatosha.

Tundu moja linazikumba hata zile nilizozisifu: orodha tupu. `ShouldAllBe` ya Shouldly, `Is.All` ya NUnit na `Assert.All` ya xUnit zote zinapita kama orodha haina kitu. Hakiki idadi kwanza, kwa NUnit ni `Has.Count.EqualTo(3)`, ndipo uhakiki yaliyomo.

Ya mwisho, FluentAssertions 8. Msemo wa rahisi ghali haufanyi kazi hapa: ya kulipia ina tundu la `?.` sawa na ya bure. Kuuza ni haki ya mwenye mali. Kinachokera ni namna ilivyowafikia watu. Maktaba imekaa miaka kwenye maelfu ya miradi, leseni inabadilika kwenye toleo jipya, roboti ya kusasisha vifurushi inapandisha 7 kwenda 8 usiku, msimbo unakompaili kama kawaida, na anayekuja kuligundua ni mhasibu. Tena bei inahesabiwa kwa kichwa, ilhali programa anayeandika testi mbili kwa mwezi anahesabiwa sawa na anayeandika mia.

Ukiamua kubaki, baki kwenye 7, ambayo bado ni Apache 2.0. Kwenye csproj, faili la mradi, usiandike `Version="7.0.0"`, kwa sababu NuGet, kifaa kinacholeta vifurushi vya .NET, inaisoma kama "7.0.0 au zaidi". Andika `Version="[7.0.0,8.0.0)"`, halafu endesha `dotnet list package --include-transitive` uone kama kuna kifurushi kingine kinachokuletea 8 kwa mlango wa nyuma.