"Globu ni globu": duka la spea Mwanjelwa lililonitia hasira

Sijawahi kulalamikia kitu cha bei ya soda, lakini kwa hili acha niseme.

Juzi kati indiketa ya nyuma kulia ilikufa. Nilijua kabla sijashuka, maana mlio wa kwenye dashibodi ulianza kukimbia, tiki-tiki-tiki. Nikaingia duka moja la spea Mwanjelwa, hapa Mbeya. Muuzaji macho kwenye simu, anaangalia vichekesho. Namtajia gari, ananirushia globu kaunta. Naigeuza, chini ina vitufe viwili. "Kaka, hii si ya breki?" Akaibadilisha bila neno, akanipa ya kitufe kimoja, kioo cheupe. Nikauliza tena: kava ya indiketa yangu haina rangi, ya zamani ilikuwa ya njano, hii si itawaka nyeupe? Hapo ndipo akaniangalia.

"Bosi, globu ni globu. Umekuja kununua au kunifundisha kazi?"

Nje, kijana wake akaichomeka. Haiingii. Kitako cha globu kina masikio mawili ya pembeni. Kwenye holda yangu nafasi za masikio hayo hazitazamani, moja imesogea. Imesogezwa makusudi, ili mtu asije akaweka nyeupe panapotakiwa njano. Kijana hakuwa na habari. Alitoa tupa, akakwangua sikio moja mpaka likabaki kama punje ya mchele, akasukuma, akazungusha. Krak. "Tayari, mzee."

Na mimi nikalipa! Hapo lawama ni yangu. Tena hata ile mbovu sikuiweka kaunta tukalinganisha, niliiacha kwenye gari.

Uyole trafiki akanipiga mkono. "Mzee, hiyo indiketa au unapiga picha za harusi?" Sh30,000.

Ya kweli nilinunua kwa mama mmoja Soweto. Hakuuliza habari za gari. "Nipe iliyoungua, baba." Akaielekeza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye masikio, akasoma kitakoni: PY21W. "Hiyo Y ndiyo njano yako." Dakika mbili tu. Nyota zote ni zake.

Wale wa Mwanjelwa nilishapanga kuwapa mbili. Bei zao si mbaya, na Jumapili unawakuta. Ila nikarudi kuomba hela yangu, na yule bwana akaishika ile globu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa: "Hii imepigwa tupa, hairudi." Imepigwa tupa na nani? Kijana yuko pale pale kwenye ngazi anatafuna muhogo, kimya!

Moja. Na hiyo moja ni kwa sababu ya Jumapili.

Holda imebaki imelegea. Siku hizi nikikata kona, redio nazima kwanza, nisikilize kama tiki-tiki imerudi.