Uanzie mgongoni au kwenye changarawe?

Mzunguko wa matembezi ya mlimani wenye msitu, mteremko wa changarawe na mgongo mwembamba wa mlima unaweza kuanzwa upande wowote, lakini ugumu wake haulingani.

Ukipanda kwa mgongo, unafika sehemu ya wazi asubuhi, kabla mawingu ya radi ya alasiri hayajajikusanya. Tena mwamba ni rahisi kuupanda kuliko kuushuka: ukipanda, macho yanaona pa kushika, lakini ukishuka mguu unapapasa. Changarawe unaiacha kwa kushukia. Ikiwa laini na nene, kanyaga kwa kisigino, kunja magoti kidogo, uache mguu uteleze kila hatua. Kaza kamba za viatu kwanza, la sivyo vidole vitaumia.

Ukianza na changarawe, utachoka vibaya. Kila hatua hurudi nyuma, hivyo kanuni ya Naismith ya 1892 ya kukadiria muda wa kutembea mlimani (saa 1 kwa kilomita 5, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda) haitoshi hapo. Halafu mgongo unaukuta mchana, miguu ikiwa imelegea.

Hata hivyo, changarawe ikiwa tabaka jembamba juu ya mwamba mgumu, ipande, usiishuke. Kokoto huviringika chini ya soli na hakuna kinachokusimamisha. Pandeni mkiwa mmesogeleana sana, jiwe lisipate kasi kabla ya kumfikia wa nyuma.

Vyovyote vile, wekeni taa za kichwani karibu: msituni giza huingia mapema.